Swali la Daktari wa Assiut

Mwaka 1971 jarida la kitabibu la The Lancet, linalotoka London, lilichapisha andiko fupi la daktari wa magonjwa ya wanawake kutoka Assiut, mji wa Misri ya Juu kando ya mto Nile. Jina lake Mahmoud Fathalla. Andiko lile halikuwa ripoti ya dawa mpya wala ya upasuaji mpya. Lilikuwa hoja: kwamba saratani ya ovari huenda inatokana na kazi ambayo ovari yenyewe huifanya mwezi baada ya mwezi, kupevusha yai na kulitoa, bila kupata mapumziko.

Zaidi ya nusu karne imepita. Sehemu moja ya hoja hiyo, ile inayohusu mahali saratani inapoanzia, imeonekana kuwa na kasoro kubwa. Hata hivyo watafiti wa ugonjwa huu bado wanaishi ndani ya swali lake. Ili kuelewa jinsi mtu anavyoweza kukosea mahali na bado akawa ameuliza jambo sahihi, inatubidi tuanze chini kabisa, kwenye ovari na kazi yake.

Mwanamke ana ovari mbili, ndani ya nyonga, moja kila upande wa mfuko wa uzazi. Kila moja ina urefu wa sentimita tatu hivi. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yake yote, milioni moja hadi mbili. Mengi hufa polepole, na anapovunja ungo yamebaki laki tatu au nne. Katika miaka yake yote ya hedhi, yatakayopevuka na kutoka hayazidi sana 400.

Kila yai hukaa ndani ya kikoba. Mwanzoni mwa mwezi, kwa amri ya homoni zinazotoka kwenye ubongo, vikoba kadhaa huanza kukua, kisha kimoja huvitangulia vingine. Hicho hujaa maji, hufikia upana wa milimita 20 hivi, na hutokeza kwenye uso wa ovari. Hapo vimeng'enya huula ukuta wake hadi unakuwa mwembamba, unapasuka, na maji yanamwagika pamoja na yai. Tusilipite jambo hili haraka. Huku ni kujeruhiwa hasa: kuna damu, kuna mchomo, kuna tundu ambalo mwili lazima ulizibe. Wanawake wengine husikia maumivu yake upande mmoja wa tumbo katikati ya mwezi na hawajui yametoka wapi.

Yai likitoka halianguki moja kwa moja ndani ya mrija wa uzazi. Mdomo wa mrija uko wazi, karibu tu na ovari, na umezungukwa na vidole vidogo laini ambavyo hupapasa uso wa ovari wakati kikoba kinapopasuka, navyo hulipokea yai na kuliingiza mrijani. Vidole hivyo, basi, huoga maji yale yale yaliyomwagika pamoja na yai. Msomaji avikumbuke, tutavihitaji.

Sasa tundu lile huzibwa vipi? Seli za utando wa juu wa ovari, zilizobaki pembeni mwa kidonda, hujigawa na kuzaa nyingine hadi pengo lifunikwe. Kabla seli haijajigawa hulazimika kunakili DNA yake yote, herufi bilioni sita hivi zilizofungwa katika kromosomu 46. Mwili hunakili kwa usahihi wa kustaajabisha, lakini usahihi huo si kamili. Kila seli inapojigawa kuna uwezekano mdogo wa herufi kukosewa, na makosa mengi kati ya hayo hayana athari. Machache huangukia jeni zinazoamua lini seli ijigawe, lini isimame na lini ife. Kosa moja la namna hiyo kwa kawaida halitoshi kuzaa saratani. Huhitajika makosa kadhaa, yakirundikana katika ukoo mmoja wa seli kwa miaka mingi.

Kutokana na hapo tunapata kanuni ambayo haihusu ovari pekee. Tishu inayojeruhiwa na kujitengeneza tena na tena hutoa nafasi nyingi zaidi za makosa. Ini lililoshambuliwa kwa miaka na virusi vya homa ya ini B huweza kuota saratani. Wakazi wa bonde la Nile na wa kanda ya Ziwa Viktoria wanajua mfano mwingine: kichocho kikikaa kwenye kibofu muda mrefu bila kutibiwa, mayai ya mdudu hukikwaruza kibofu mwaka hadi mwaka, na mwisho wake unaweza kuwa saratani ya kibofu.

Fathalla aliichukua kanuni hiyo na kuielekeza kwenye ovari. Alikuwa amesoma Misri, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1967, na akarudi kufundisha Assiut, ambako baadaye alikuwa mkuu wa kitivo cha tiba. Aliona kwamba kwa viumbe wengi wa kike kutoa yai ni tukio la mara chache. Mnyama wa mwituni hutoa yai katika msimu wake, hushika mimba, huzaa, hunyonyesha, na muda wote huo ovari yake imetulia. Mwanamke wa zama hizi, anayevunja ungo mapema, anayezaa mara mbili au asizae kabisa, na anayenyonyesha kwa miezi michache, hutoa yai karibu kila mwezi kwa zaidi ya miaka 30.

Tofauti hiyo imepimwa baadaye kwa watu hai. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Beverly Strassmann, aliishi na Wadogon wa Mali, jamii ambayo wakati huo haikutumia uzazi wa mpango, akafuatilia hedhi za wanawake wao. Mwanamke wa Kidogon alipata hedhi kama 100 tu katika maisha yake yote, kwa sababu miaka yake mingi ilikuwa ya mimba na kunyonyesha. Mwanamke wa Marekani hupata kama 400. Ni ovari ile ile ya binadamu, lakini moja imejeruhiwa mara nne zaidi ya nyingine.

Kinachonivutia katika dhana hii ni kwamba iliweza kupimwa. Dhana nzuri ya kisayansi hutabiri mambo ambayo yasipotokea itabidi iachwe. Kama kutoa yai ndiko kunakoleta hatari, basi kila kinachozuia yai kutoka lazima kipunguze saratani. Mimba lazima ipunguze. Kunyonyesha lazima kupunguze. Vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo huzuia yai lisipevuke, lazima vipunguze. Na mnyama anayetoa mayai kupita kiasi lazima augue.

Tuanze na mnyama, kwa sababu yupo uani kwetu. Kuku wa porini wa Asia, babu wa kuku wote wafugwao, hutaga mayai kumi au kumi na tano hivi kwa mwaka, kisha huatamia. Kuku wa kisasa wa mayai amezalishwa ili atage karibu 300 kwa mwaka, naye hutumia ovari moja tu, ya kushoto; ya kulia haikui. Mfugaji haoni kinachofuata, maana kuku huuzwa au huchinjwa anapofika mwaka mmoja na nusu hivi. Watafiti waliowaacha kuku hao waishi miaka mitatu, minne na zaidi wamekuta kwamba wengi wao hupata saratani ya ovari bila kuchomwa sindano wala kulishwa sumu yoyote, na saratani hiyo husambaa tumboni na kujaza maji tumbo, kama inavyofanya kwa binadamu. Miongoni mwa wanyama wafugwao hakuna mwingine anayeugua hivyo kwa wingi. Kuku waliopunguziwa chakula hadi wakataga mayai machache waliugua kwa uchache pia.

Kwa binadamu jibu lilichelewa zaidi. Vidonge vya uzazi wa mpango viliruhusiwa Marekani mwaka 1960, na saratani ya ovari huwapata zaidi wanawake waliokwisha vuka miaka 50. Msichana aliyeanza kumeza vidonge akiwa na miaka 20 ilibidi asubiriwe miaka 30 au 40 ndipo ijulikane vimemfanyia nini. Mwaka 2008 kundi la watafiti lililoongozwa na Valerie Beral wa Oxford lilikusanya takwimu za tafiti 45 kutoka nchi 21: wanawake zaidi ya 23,000 waliougua na zaidi ya 87,000 wasiougua. Kila miaka mitano ya kutumia vidonge ilipunguza hatari kwa asilimia 20 hivi, na miaka 15 iliipunguza kwa nusu. Kinga hiyo iliendelea kuonekana zaidi ya miaka 30 baada ya mwanamke kuacha kuvimeza. Walikadiria kwamba vidonge vilikuwa vimekwisha zuia saratani za ovari 200,000 na vifo 100,000. Mimba na kunyonyesha pia vilitoka kwenye takwimu kama Fathalla alivyotabiri.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu habari hii inaweza kusomwa vibaya. Vidonge hivyo vina hatari zake, zikiwemo kuganda kwa damu na ongezeko dogo la saratani ya matiti wakati vinapotumika, kwa hiyo uamuzi wa kuvitumia ni wa mwanamke na mhudumu wake wa afya. Na hakuna anayepaswa kusema kwamba dawa ya saratani ya ovari ni kuzaa watoto wengi. Fathalla mwenyewe ndiye wa mwisho ambaye angesema hivyo. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia kupigania wanawake wasife kwa mimba na uzazi. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo katika kampeni ya Uzazi Salama, iliyozinduliwa Nairobi mwaka 1987, kisha akaongoza programu ya utafiti wa afya ya uzazi ya Shirika la Afya Duniani huko Geneva, na baadaye akawa rais wa shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na wakunga. Mtu aliyeona kina mama wakifa kwa mimba za kufuatana ndiye aliyetambua pia kwamba ovari isiyopumzika ina gharama yake. Nadhani ni kwa sababu hakuacha kuwaza juu ya mwili mzima wa mwanamke, badala ya kuikata ovari peke yake na kuiweka chini ya hadubini.

Basi dhana ikawa imeshinda. Lakini hesabu zake hazikukaa sawasawa, na watafiti waaminifu waliliona hilo mapema.

Chukua mimba moja. Miezi tisa ni mayai kumi hivi ambayo hayakutoka. Kumi kati ya 400 ni asilimia mbili na nusu. Kama hatari inatokana na idadi ya majeraha tu, mimba moja ilipaswa kupunguza kiasi kidogo kama hicho. Tafiti zilionyesha inapunguza zaidi ya mara mbili ya hapo, hasa mimba ya kwanza. Chukua na kufunga kizazi. Daktari hufunga au hukata mirija ili yai lisikutane na mbegu ya kiume. Ovari haiguswi, yai linaendelea kutoka kila mwezi, jeraha liko pale pale. Kwa dhana ya Fathalla, kufunga kizazi hakukupaswa kubadilisha lolote. Lakini wanawake waliofunga kizazi walikutwa na saratani ya ovari pungufu kwa kiasi cha robo hadi theluthi. Kwa nini kuufunga mrija kuilinde ovari?

Kulikuwa na jambo la tatu. Aina ya saratani ya ovari iliyo nyingi kuliko zote na yenye kuua zaidi huitwa saratani kali ya siriasi. Ukizitazama seli zake kwa hadubini hazifanani na seli za utando wa ovari. Zinafanana na seli za ndani ya mrija wa uzazi, hata protini zilizomo ni zile za mrija. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba seli za ovari, zikigeuka kuwa saratani, hubadili sura na kuiga za mrija. Mwaka 1999 mwanapatholojia Louis Dubeau wa Los Angeles aliandika kwa ukali kwamba maelezo hayo ni ya kulazimisha. Mbona tusikubali jibu rahisi, kwamba zinafanana na za kule kwa sababu zinatoka kule?

Uthibitisho ulikuja kupitia wanawake wenye bahati mbaya ya kurithi. Mwaka 1990 Mary-Claire King, akiwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alionyesha kwamba katika koo ambazo saratani ya matiti huwapata wanawake wengi wakiwa bado vijana, kuna jeni inayorithiwa kwenye kromosomu ya 17. Jeni hiyo ikaitwa BRCA1, nayo ikapatikana kamili mwaka 1994. Ya pili, BRCA2, ilifuata. Mwanamke aliyerithi BRCA1 mbovu ana uwezekano wa asilimia 44 hivi wa kupata saratani ya ovari kabla ya kufika miaka 80. Kwa BRCA2 ni 17 hivi. Kwa wanawake kwa jumla, katika nchi zinazohesabu vizuri, ni zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia.

Kazi ya jeni hizi ni kutengeneza DNA iliyokatika nyuzi zote mbili. Mkeka wenye nakshi ukiraruka, msusi hawezi kukisia rangi zilizopotea. Akiwa na mkeka pacha, huutandika pembeni, akaufuata mstari kwa mstari, na nakshi hurudi ilivyokuwa. Seli inayojiandaa kujigawa nayo ina nakala pacha ya kila kromosomu, na protini za BRCA ndizo zinazoiwezesha kuifuata nakala hiyo. Zikikosekana, seli huunga ncha zilizokatika ovyo, herufi hupotea, na makosa huongezeka kwa kasi.

Baadhi ya wanawake waliojua kwamba wamerithi jeni hizo waliamua kutolewa ovari na mirija kabla hawajaugua. Viungo hivyo, vilivyoonekana vizima, vilipelekwa maabara. Kwa desturi ya wakati huo mtaalamu wa patholojia alizikagua ovari kwa makini, na mrija akauchukulia kipande kimoja au viwili vya katikati, basi. Mwaka 2001 Jurjen Piek na wenzake wa Amsterdam waliamua kuikagua mirija ya wanawake 12 wa namna hiyo. Katika nusu yao walikuta seli za mrija zimeanza kuharibika kuelekea saratani. Katika mirija ya wanawake wa kulinganishia wasio na urithi huo hawakukuta kitu kama hicho.

Huko Boston, Christopher Crum na wenzake walibuni utaratibu wa kuukata mrija mzima kwa vipande vyembamba, hasa vile vidole vya mwishoni, na kuvitazama vyote. Walichokikuta kilibadilisha somo zima. Saratani changa kabisa, zenye unene wa seli chache, zilikuwa vidoleni. Na si kwa wanawake wenye urithi tu: hata wagonjwa wa kawaida wa saratani kali ya siriasi, mirija yao ilipokatwa kwa uangalifu, wengi walikuwa na saratani hiyo changa kwenye vidole. Kwa miaka mingi hakuna aliyeiona kwa sababu hakuna aliyekata pale. Tena mgonjwa anapofika hospitali, ovari imekwisha kuwa uvimbe mkubwa ulioufunika mrija, na jicho hushika kilicho kikubwa.

Jambo moja zaidi lilitoka katika vidole hivyo. Katika mirija iliyo mizima walikuta safu fupi za seli zenye sura ya kawaida kabisa lakini zenye jeni ya TP53 iliyoharibika. TP53 hutengeneza protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA iliyovunjika, itengenezwe au ife. Mwaka 2011 mradi mkubwa wa Marekani wa kusoma jeni za saratani ulichapisha matokeo ya saratani kali ya siriasi: asilimia 96 ya uvimbe uliosomwa jeni zake ulikuwa na TP53 mbovu. Ni vigumu kupata saratani nyingine ambayo karibu kila mgonjwa ana kosa kwenye jeni ile ile. Ikaeleweka kwamba safari huanza pale: seli ya kidole cha mrija inapoteza p53, inaendelea kuishi na makosa yake, inageuka saratani changa, kisha inadondokea ovari iliyo jirani na kusambaa tumboni. Utafiti wa mwaka 2017, uliolinganisha makosa ya DNA katika mrija na katika ovari za wagonjwa wale wale, ulikadiria kwamba kutoka saratani changa ya mrijani hadi saratani ya ovari hupita miaka sita au saba.

Lazima niseme kwamba ninayoyaeleza ni ya aina hii moja, ambayo ni kama asilimia 70 ya saratani za ovari zinazotokana na utando. Kuna zinazohusiana na tishu za mfuko wa uzazi zinazoota nje ya mahali pake, na kuna zinazotoka kwenye seli za mayai zenyewe, ambazo huwapata hata wasichana. Kila moja ina chanzo chake.

Sasa tumrudie Fathalla. Kama saratani inaanzia mrijani, je, dhana ya mwaka 1971 imekufa? Yale mafanikio yake yote, vidonge, mimba, kuku, hayajafutika. Yai likizuiwa, saratani inapungua. Huo ni ukweli wa makumi ya maelfu ya wanawake, nao unadai maelezo. Maelezo yapo kwenye maji ya kikoba. Kikoba kinapopasuka humwaga maji yenye homoni, vichocheo vya ukuaji na aina za oksijeni kali zinazoweza kuikata DNA. Na nani wa kwanza kuogeshwa? Ni vidole vya mrija, vilivyokaa palepale vikisubiri yai. Tang-Yuan Chu na wenzake nchini Taiwan wameonyesha maabara kwamba maji haya huweza kuvunja DNA ya seli za mrija, na kwamba seli zilizopoteza p53 huvumilia mvunjiko huo na kuelekea saratani. Jeraha la kila mwezi lipo kama Fathalla alivyosema, ila madhara yake makubwa huangukia jirani. Na ovari iliyopasuka, yenye kidonda kibichi, inaweza kuwa mahali pazuri kwa seli mbaya iliyodondoka kushikamana na kukua.

Mwaka 2013 Fathalla aliandika tena juu ya dhana yake, akaipitia upya kwa mwanga wa ugunduzi wa mrijani. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita tangu andiko la kwanza. Kuna wanasayansi ambao huilinda dhana yao hadi mwisho hata ushahidi ukigeuka, na sayansi huwazunguka na kuendelea. Yeye aliirudia na kuikagua, na kwangu hilo lina uzito sawa na andiko lenyewe la 1971.

Maarifa haya yana faida gani kwa mgonjwa? Kwanza yanaeleza kwa nini ugonjwa huu unatushinda. Duniani kila mwaka wanawake zaidi ya 320,000 hugundulika nao na zaidi ya 200,000 hufa. Wengi hugundulika umekwisha sambaa tumboni. Wanawake wa Afrika Mashariki wamezoea kuhimizwa wapimwe saratani ya mlango wa kizazi, na upimaji huo huokoa maisha, kwa sababu mlango wa kizazi unafikika: muuguzi anaupaka siki na kuutazama. Vidole vya mrija vimejificha ndani ya nyonga na saratani inayoanzia hapo ni ndogo kuliko uwezo wa picha yoyote ya ultrasaundi. Kipo kipimo cha damu kiitwacho CA-125, kilichotokana na kazi ya Robert Bast na wenzake Boston mwaka 1981, nacho husaidia kufuatilia mgonjwa anayetibiwa. Lakini protini hiyo hupanda pia kwa hedhi, kwa mimba na kwa maradhi mengine ya tumbo, na saratani ikiwa changa huenda isipande. Uingereza iliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa takriban miaka 16. Wapo waliopimwa kila mwaka kwa damu au kwa ultrasaundi, na wapo ambao hawakupimwa. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2021. Vifo vilikuwa sawa pande zote.

Kwa hiyo kwa sasa hakuna kipimo cha kumpimia mwanamke asiye na dalili. Dalili zenyewe ni za kawaida mno: tumbo kujaa gesi au kuvimba, kushiba upesi, maumivu ya chini ya tumbo, kukojoa mara kwa mara. Kinachozitofautisha ni kutoondoka. Zikidumu wiki kadhaa, karibu kila siku, kwa mwanamke aliyevuka miaka 50 hasa, dawa za vidonda vya tumbo zisiwe jibu la kwanza na la mwisho. Na mwenye mama, dada, shangazi au mama mdogo aliyeugua saratani ya ovari au ya matiti akiwa kijana, amwambie daktari hilo hata kama hakuulizwa.

Faida ya pili ni ya kinga. Mwaka 2010 madaktari wa jimbo la British Columbia, Kanada, walianza kuwashauri wenzao kwamba mwanamke asiyetaka tena kuzaa, anapofanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi au wa kufunga kizazi, aondolewe mirija yote badala ya kuachiwa au kufungwa tu, na ovari zake zibaki ili ziendelee kutoa homoni zinazolinda mifupa na moyo. Mwaka 2022 walichapisha hesabu ya wanawake 25,889 waliofanyiwa hivyo. Kwa kulinganisha na wengine, ilitarajiwa watano hivi wawe wamepata saratani ya siriasi. Hakupatikana hata mmoja.

Kwetu, kufunga kizazi ni upasuaji unaofanyika kila siku, mara nyingi pamoja na kujifungua kwa kisu. Mwanamke anayejiandaa kwa upasuaji huo, akiwa na hakika kwamba hahitaji mtoto mwingine, anaweza kumuuliza daktari wake kama mirija itafungwa au itaondolewa, na kwa nini. Jibu litategemea umri wake, ukoo wake na uzoefu wa timu itakayomhudumia. Wale wa British Columbia bado wanafuatiliwa. Wengi wao walifanyiwa upasuaji wakiwa na miaka 40 hivi, na hawajafikia umri ambao saratani hii hutokea zaidi.